Setilaiti, Mzee wa Ukoo na Sera ya Tabianchi: Nini Hasa Kinaunganishwa na Nini?

Kila mara serikali za Tanzania na Kenya zinapozungumzia mabadiliko ya tabianchi, iwe bungeni, kwenye warsha au kwenye mikutano ya kimataifa, kuna kauli moja ambayo haikosekani: kwamba nchi itaunganisha teknolojia ya kisasa na maarifa ya asili. Kauli hiyo inapendeza masikioni, na pengine ndiyo maana hupita bila kuulizwa. Mitaani, hata hivyo, imezua mkanganyiko wa kweli. Wapo wanaoielewa kuwa wataalamu wa hali ya hewa sasa watakwenda kumwuliza mganga kabla ya kutangaza mvua. Wapo wanaoichukulia kuwa heshima ya mdomo tu kwa wazee, jambo la kusemwa mwanzoni mwa hotuba na kusahauliwa kabla ya chai. Na wapo wakulima wanaouliza swali ambalo naliona kuwa bora kuliko yote: redio ikisema mvua zitakuwa nyingi, na mzee anayeaminika kijijini akasema mwaka huu ni wa jua, nipande nini?

Swali hilo lina jibu, lakini ili tulifikie inabidi kwanza tukubaliane juu ya maneno.

Hali ya hewa ni kile kinachotokea leo na kesho: jua, mvua, upepo, joto. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo ukitazamwa kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30 au zaidi, na neno lenyewe limekwisha kujieleza, kwamba ni tabia ya nchi. Mtu mpole anaweza kuamka na hasira siku moja na bado akabaki mpole. Akiwa na hasira mwaka hadi mwaka, majirani wanajua kwamba sasa tabia yake imebadilika. Ndivyo ilivyo hapa. Mvua moja iliyochelewa si mabadiliko ya tabianchi. Mabadiliko ni pale mvua za misimu mingi zinapoacha desturi yake.

Teknolojia ya kisasa, katika mjadala huu, ni vyombo vya kupimia, kukokotoa na kupashana habari: vituo vya hali ya hewa, rada, setilaiti, kompyuta zinazoendesha modeli za angahewa, na simu ambazo hufikisha taarifa kwa mkulima na mfugaji.

Maarifa ya asili ni ujuzi ambao jamii imeujenga kwa kuishi na mazingira yake vizazi kwa vizazi, ujuzi uliopimwa na misimu yenyewe na kurithishwa kwa mazungumzo na kwa vitendo. Hapa ndipo linapoanzia kosa kubwa kuliko yote katika mjadala huu. Wengi wetu tukisikia maneno hayo tunafikiria dalili peke yake: ndege fulani akilia, mti fulani ukichanua, mwezi ukizungukwa na duara, basi mvua i karibu. Dalili ni nusu moja tu. Nusu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi, ni taratibu: nani alishe wapi na lini, msitu upi usiguswe, maji ya mfereji yagawanywe vipi, na anayevunja makubaliano afanywe nini. Dalili hukueleza kinachokuja. Taratibu hueleza wewe na wenzako mtaishi vipi kitakapofika. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo.

Neno la mwisho ni sera. Sera ni msimamo wa serikali juu ya jambo fulani. Sheria huufanya msimamo huo uwe wajibu, mkakati hueleza hatua za kuutekeleza, na bajeti hulipia hatua hizo. Kauli ya kuunganisha maarifa inaweza kuwamo katika kimoja cha vitu hivi na isiwemo katika vingine vitatu, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Utabiri wa msimu unatoka wapi

Saa tatu asubuhi, mwangalizi katika kituo cha mvua hufungua kipima mvua, hutoa chupa iliyo ndani, humimina maji yaliyokusanyika kwenye silinda nyembamba iliyochorwa mistari, huinama mpaka macho yake yalingane na uso wa maji, kisha huandika namba. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba ya ardhi. Mvua ya milimita 20, ambayo wengi wangeiita ya kawaida, imemwaga zaidi ya lita 80,000 za maji kwenye ekari moja ya shamba. Namba hiyo ndogo iliyoandikwa asubuhi, ikirudiwa kila siku kwa miaka 30, ndiyo inayozaa kile kinachoitwa wastani wa muda mrefu.

Na neno hilo wastani limewaponza wengi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inapotangaza mvua za wastani haisemi kwamba mvua zitatosha. Inasema zitakuwa kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo hilo. Chukua eneo ambalo wastani wake wa masika ni milimita 400: zikinyesha milimita 300 ni wastani, na zikinyesha milimita 500 ni wastani vilevile. Kwa mwenye mahindi, msimu wa kwanza na wa pili ni dunia mbili tofauti. Tena jumla haisemi kitu juu ya mpangilio. Milimita 400 zilizogawanyika vizuri kwa miezi mitatu zitajaza ghala, ilhali milimita 400 zilizoshuka zote katika wiki tatu, zikafuatiwa na jua kali wakati mahindi yanatoa mbelewele, zitaacha mabua. Kwa hiyo anayelalamika kwamba walitudanganya, walisema wastani na sisi tumekosa, mara nyingi hajadanganywa. Alisikia neno la takwimu akalielewa kama neno la kawaida, na lawama ya hilo naiweka zaidi kwa anayetangaza kuliko kwa anayesikiliza.

Utabiri wenyewe hutokana kwa sehemu kubwa na joto la bahari. Maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yakipata joto kuliko kawaida, hali iitwayo El Niño, mvua za vuli katika Afrika Mashariki huelekea kuongezeka. Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake: upande wa magharibi, ulio karibu nasi, ukiwa na joto zaidi ya upande wa mashariki, unyevu husukumwa kuja kwetu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, vuli ilipofurika katika sehemu nyingi za ukanda huu. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ya mvua ili kulinganisha hesabu zao na kutoa mwelekeo wa pamoja. Hata hivyo wanachokitoa ni uwezekano, si ahadi. Wakisema kuna uwezekano mkubwa wa mvua juu ya wastani, bado wameacha nafasi ya kinyume chake.

Halafu kuna suala la ukubwa wa eneo. Vituo vya kupimia ni vichache kuliko vinavyohitajika, kwa hiyo mapengo kati ya kituo na kituo huzibwa na setilaiti ambazo hukadiria mvua kwa kusoma joto la mawingu. Moja ya hifadhidata zinazotumiwa sana kwa kazi hiyo, yenye kumbukumbu tangu mwaka 1981, huigawa ardhi katika miraba ya takribani kilomita tano kwa tano na kuupa kila mraba namba moja. Ndani ya mraba mmoja panaweza kuwa na mlima unaopata mvua, bonde linaloikosa, na vijiji vitatu vinavyopanda kwa tarehe tofauti. Ni kama kutumia ramani ya simu katika mji usioujua: itakuonyesha barabara zote, lakini mwenyeji ndiye atakayekuambia kwamba ile ya tatu hujaa maji na haipitiki Aprili.

Mzee anaona nini

Dhana kwamba dalili za wazee ni ushirikina mtupu haisimami ukiichunguza. Miti mingi ya miombo, misitu inayofunika sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa Tanzania, huchipua majani mapya wiki kadhaa kabla ya mvua kuanza, ikiitikia mabadiliko ya joto, unyevu na urefu wa mchana. Anayesema mvua inakaribia kwa kuwa miti imechipua anasoma chombo kilichopandwa ardhini badala ya kilichofungwa kwenye mlingoti. Watu wa pwani walijua zamani kwamba pepo za kaskazi na kusi hupokezana, na safari za majahazi zikapangwa kwa kufuata upokezano huo. Waliihesabu pia kalenda ya jua kwa makumi ya siku, miongo, kuanzia Siku ya Mwaka ambayo mpaka leo husherehekewa Makunduchi kila Julai, kwa sababu kalenda ya mwezi, kwa ubora wake wote katika ibada, huhama misimu na haimfai mwenye kupanda. Hata nyota zilikuwa na kazi. Kilimia, lile kundi la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima, lina msemo wake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ni uchunguzi wa miaka mingi uliofupishwa mpaka mtoto akaweza kuukariri.

Nikiri, hata hivyo, kwamba si kila kinachoitwa maarifa ya asili ni uchunguzi. Kuna matambiko na kuna imani, na baadhi yake havipimiki. Serikali haitakiwi kuviingiza kwenye utabiri, wala haitakiwi kuvidhihaki. Inachohitaji ni kutenganisha kinachoweza kulinganishwa na kipimo na kile ambacho ni cha jamii yenyewe na imani yake.

Dhana iliyo kinyume, kwamba wazee hawakosei, ina hatari yake pia, na naiona ikikua siku hizi kwa watu wa mjini wanaoyapenda ya kale kutoka mbali. Dalili hufanya kazi pale ambapo uhusiano kati ya mti na mvua umebaki kama ulivyokuwa. Tabianchi ikihama, uhusiano nao huyumba. Pembe ya Afrika ilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ukame mrefu ambao haukuwa umeonekana kwa takribani miaka 40. Wafugaji wengi waliokuwa na mifugo wakati huo hawakuwa na kumbukumbu ya kitu cha namna hiyo, na mzee hawezi kurithisha alichokuwa hajakiona. Hapo vipimo vya joto la bahari, ambavyo viliwezesha tahadhari kutolewa msimu baada ya msimu, vilikuwa na la kusema ambalo mti usingelisema. Zaidi ya hayo, miti na wadudu wa dalili wenyewe wanatoweka pale misitu inapokatwa, na vijana wanaohamia mjini hawarithi kusoma kile ambacho hawakioni tena.

Mfano unaotajwa mara nyingi wa pande hizi mbili kukaa pamoja uko Bunyore, katika kaunti ya Vihiga magharibi mwa Kenya, kwenye ukoo wa Nganyi ambao kwa vizazi vingi umejulikana kwa kutabiri mvua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, watabiri wa ukoo huo na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, pamoja na watafiti, walianza kukutana kabla ya msimu. Kila upande huleta utabiri wake, wanaulinganisha, wanajadili pale wanapotofautiana, kisha wanatoa kauli moja kwa watu, kwa lugha ya wenyeji. Kinachonivutia katika mfano huu si kwamba wazee walithibitishwa kuwa wanasayansi. Ni kwamba tofauti zao na wataalamu zilijadiliwa mezani badala ya kuachiwa mkulima azitatue peke yake shambani. Na kuna jambo lingine lililo muhimu kwa sera: dalili za Nganyi husomwa katika misitu midogo ya ukoo inayolindwa kwa heshima. Ukiiacha misitu hiyo ikatwe, umebomoa kituo chao cha uchunguzi.

Sasa tunaweza kumjibu mkulima wetu. Haihitajiki kuchagua nani wa kuamini, kwa sababu mwelekeo wa msimu wa ukanda mzima na dalili za bonde moja hujibu maswali tofauti. Kenya ina utaratibu, ulioanza Garissa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kuenea katika kaunti nyingine, ambapo kila msimu wataalamu wa hali ya hewa, watabiri wa jadi, maofisa wa kilimo na mifugo na wananchi hukaa pamoja na kupanga kwa kuzingatia hali tatu: mvua zikiwa nyingi, zikiwa za kawaida, zikiwa chache. Kwa kila hali wanaandika hasara gani inaweza kutokea na kila mtu afanye nini. Mkulima anatoka na mpango ambao haumtaki aweke mayai yote kwenye kapu moja: sehemu ya shamba mbegu ya muda mfupi, sehemu mtama, sehemu mahindi, na uamuzi wa tarehe ya kupanda ukifuata unyevu wa udongo wake mwenyewe.

Nusu iliyosahauliwa

Mpaka hapa nimezungumzia dalili. Ukisoma habari nyingi juu ya jambo hili zinaishia hapohapo, na ndiyo sababu kuunganisha maarifa kumekuwa kama mashindano ya kutabiri mvua. Twende Shinyanga.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, misitu mikubwa ya Usukumani ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Pamba na tumbaku zikaongeza mashamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikahitajika. Kufikia miaka ya 1980 ardhi ilikuwa imechoka kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kama HASHI. Mwanzoni ulifanya kile ambacho miradi mingi hufanya: kuotesha miche kwenye vitalu na kuigawa kwa wananchi. Miche mingi haikustawi, na wananchi hawakuwa na hamu nayo. Mabadiliko yalikuja pale mradi ulipogeukia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tayari, yaani ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ili nyasi zikue na miti ichipue upya, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokolea, nayo hulishwa kipande baada ya kipande. Kuna ngitili za familia na kuna za jamii nzima. Zinalindwa na uamuzi wa dagashida, baraza la jadi linalotunga taratibu na kutoza faini, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, husimamia utekelezaji. Ukisimama kwenye mpaka wa ngitili mwezi Agosti huhitaji kuonyeshwa uzio, na mara nyingi uzio haupo kabisa. Upande mmoja udongo ni mwekundu na mtupu; upande wa pili nyasi zimesimama, zimekauka lakini zipo, na visiki vya zamani vimetoa matawi. Kinachozitenganisha pande hizo mbili ni makubaliano.

Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa yamevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa, iliachwa iote. Na tusisahau kwa nini ngitili zilipungua hapo kabla: watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja katika miaka ya 1970, waliziacha ngitili zao mbali, na taratibu zilizozilinda zikakosa mwenyewe. Sera ilivunja mfumo, na sera nyingine, miaka kumi na kitu baadaye, ikauacha usimame tena. Hapo hapakuwa na mzee aliyeulizwa mvua itanyesha lini. Palikuwa na swali la nani ana mamlaka juu ya malisho.

Katika mfano huu teknolojia ina kazi ya wazi. Picha za setilaiti, ambazo baadhi ya kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi mwaka 1972 na ambazo leo hupatikana bure zikionyesha kitu chenye upana wa mita 10, zinaweza kupima kama ngitili inapanuka au inamegwa, tena kila baada ya siku chache. Dagashida haliwezi kuzunguka vijiji 800. Setilaiti nayo haiwezi kumtoza mtu faini.

Mfano wa pili unatoka Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Waborana wana mfumo wa kusimamia malisho uitwao dedha, ambapo wazee huamua ni maeneo gani yatumike wakati wa mvua, yapi wakati wa kiangazi, na yapi yabaki akiba ya ukame mkali. Kwa miaka mingi wapangaji wa serikali waliitazama ramani yao wakaona ardhi tupu. Kisha kukafanyika kazi ya kuchora ramani kwa pamoja: picha ya setilaiti huonyeshwa ukutani, wafugaji huitazama, mmoja huutambua mkondo mkavu wa mto, mwingine huonyesha kisima kilipo, wa tatu humsahihisha kwamba maji yake huwa na chumvi kiangazi, na mtaalamu anaandika kila jina na kila sifa kwenye kompyuta papo hapo. Palipoonekana patupu pakawa na njia za kuhamia, malambo, machimbo ya chumvi ya mifugo na mipaka ya malisho ya misimu. Kazi ya namna hiyo imefanyika pia katika wilaya za wafugaji za kaskazini mwa Tanzania. Ramani hizo humsaidia mhandisi asichimbe kisima katikati ya malisho ya akiba, kosa linalosikika dogo lakini linaloua mfumo mzima, kwa sababu maji yakipatikana hapo mwaka mzima, mifugo itakaa hapo mwaka mzima, na siku ya ukame akiba haitakuwepo.

Tazama pia kinachotokea teknolojia ikienda peke yake. Mwaka 2010 ilianzishwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, bima ya mifugo ambayo hulipa kwa kutazama ukijani wa ardhi kutoka angani: malisho yakionekana yamekauka kupita kiwango fulani, mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Wazo ni zuri na limewafaa watu. Lakini setilaiti huona kijani, haioni chakula. Katika maeneo yaliyovamiwa na mathenge, mti wa kigeni unaobaki kijani hata kiangazi, ardhi inaweza kuonekana na uhai ilhali ng'ombe hawana cha kula chini ya miiba hiyo. Mfugaji anajua ni majani yapi huliwa, na yapi huliwa pale tu ambapo hakuna kingine. Kuhusu mathenge wenyewe, ulipandwa Baringo kwa nia ya kuzuia jangwa, na ulipogeuka balaa wakazi waliishtaki serikali, wakapeleka hadi mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa sababu ya maganda yake. Huo ulikuwa utaalamu wa kisasa wa wakati wake, na waliokuwa wakiishi hapo hawakuulizwa.

Iko wapi kwenye sheria

Kwenye karatasi hatuko mikono mitupu. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, katika kifungu cha 7, unasema hatua za kuhimili mabadiliko ya tabianchi ziongozwe na sayansi bora iliyopo na, inapofaa, maarifa ya jadi, ya watu wa asili na ya wenyeji. Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua teknolojia za asili katika kifungu cha 11, na katika kifungu cha 69 inaipa serikali wajibu wa kulinda maarifa ya jamii kuhusu bioanuwai, yaani aina mbalimbali za viumbe. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi, inayozitaka kaunti ziweke rejista na inayotaka jamii iridhie kabla maarifa yake hayajatumiwa. Sheria yake ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka huohuo ina baraza la kitaifa lenye kiti cha mwakilishi wa jamii zilizotengwa. Tanzania nayo ina chombo ambacho hakiitwi cha tabianchi lakini ndicho chenye nguvu zaidi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambayo inawezesha hati za hakimiliki ya kimila kutolewa, hata kwa kikundi. Jamii za wafugaji na za Wahadzabe zimezitumia hati hizo za pamoja kulinda ardhi yao. Kwa mtazamo wangu, hati moja ya namna hiyo juu ya malisho ya kiangazi inaunganisha maarifa na sera kuliko aya kumi za mkakati, kwa kuwa utaratibu wa kufunga na kufungua malisho hauna maana ikiwa ardhi inaweza kugawiwa mwingine kesho.

Suala la ridhaa linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko linavyoangaliwa. Ramani iliyojaa visima na malisho ya akiba ni msaada kwa mpangaji mwema, na ni mwongozo kamili kwa anayetafuta ardhi ya kuchukua. Kabla ya kijiji kutoa maarifa yake, watu wake wana haki ya kujua nakala itakaa wapi, nani ataifungua, ni tabaka zipi za ramani zitabaki siri, na kama wanaweza kudai zifutwe. Vivyo hivyo kwa mzee ambaye dalili zake zinaandikwa kwenye utafiti: mtaalamu wa hali ya hewa hulipwa mshahara kwa utabiri wake, ilhali mtabiri wa jadi mara nyingi huondoka na posho ya nauli. Nakumbusha hapa suala la bajeti. Kikao cha kila msimu kinahitaji mafuta ya gari, mkalimani, muda wa redio, na kufuatilia baada ya mavuno nani alipatia na nani alikosea, wataalamu na wazee kwa kipimo kilekile. Fungu la kazi hiyo lisipokuwepo, kikao hufanyika mwaka ambao kuna mfadhili na hukoma anapoondoka.

Na kuna swali la nani anayeitwa kwenye kikao. Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, mashamba ya mteremko mkali yamelimwa kwa zaidi ya karne moja kwa mtindo wa ngolo bila udongo kuporomoka. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatana kama nyavu. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi, mpaka shamba zima linakuwa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, shimo hushika maji na udongo uliosombwa, nyasi huoza ndani ya tuta, na maharage hupandwa juu yake, halafu mahindi katika mzunguko unaofuata. Kina cha shimo, unene wa tuta na wakati ambapo udongo una unyevu wa kutosha kuchimbwa viko mikononi mwa wanawake. Barua za kuitisha mashauriano ya kijiji, kwa desturi, huandikwa kwa wazee.